KUWEKA AKIBA SI KUKOSA TAWAKKUL

Na Mwalimu wa somo la Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Katika jarida letu tumezoea kusoma makala juu ya swala, funga, adabu na umuhimu wa elimu. Mwaka huu nimeona niandike juu ya jambo ambalo katika darsa zetu tunaligusa kwa nadra sana, nalo ni fedha za nyumbani, na namna familia ya Kiislamu inavyopaswa kujiandaa kabla maisha hayajageuka ghafla. Nimesukumwa na kisa kilichotokea hapa hapa Kisongo, ambacho mimi mwenyewe nina lawama ndani yake.

Mwanafunzi ambaye hakurudi

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa Arusha. Shule zikafungwa, nasi tukafunga madrasa. Mwezi Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Ziliruhusiwa tena tarehe 18 Mei, lakini wageni hawakurudi upesi. Sisi wa Kisongo hatukuhitaji gazeti lituambie hayo. Uwanja wa ndege wa Arusha uko kwetu, na barabara ya Dodoma, ambayo magari huifuata kwenda Tarangire, Manyara na Ngorongoro, inapita mbele ya milango yetu. Magari ya watalii tuliyozoea kuyaona yakiongozana kila asubuhi yalitoweka.

Tulipofungua madrasa, mwanafunzi mmoja wa darasa langu hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, hodari wa tajwidi. Wiki ya kwanza nilidhani anaumwa. Wiki ya tatu nikaenda kwao baada ya swala ya Alasiri. Baba yake ni dereva wa magari ya watalii, na nilimkuta amekaa barazani, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa kama ile. Tulipoingia ndani tulikaa juu ya mkeka, kwa sababu makochi yalikuwa yameshauzwa. Akaniambia: "Ustadh, nimeendesha watalii miaka tisa. Nimelipwa mshahara, nimepewa na bakshishi za dola. Leo ukiniuliza zimekwenda wapi, sina cha kukuonyesha."

Nikamuuliza mtoto kwa nini haji madrasa. Akainamisha kichwa. Mama yake ndiye aliyejibu: "Anaogopa kusomwa jina, Ustadh."

Wazazi mtakumbuka kwamba wakati ule kila Alhamisi tulikuwa tukisoma mbele ya darasa majina ya wanaodaiwa ada. Ada yenyewe ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Msomaji wa majina hayo nilikuwa mimi. Nilitoka nyumba ile nikiwa na aibu ambayo mpaka leo sijaisahau.

Kabla sijaondoka niliona debe la mahindi pembeni ya mlango. Mama wa nyumba akanieleza kwamba limetoka kwa jirani yao, mama mmoja anayepika mandazi na uji. Biashara ya mama yule nayo ilikuwa imeanguka, kwani wateja wake wengi walikuwa madereva na wapagazi. Lakini yeye alikuwa na desturi ya kununua magunia ya mahindi kila msimu wa mavuno, bei inapokuwa chini, na kuandika kila kitu katika daftari. Kwa mwezi hakuwahi kupata hata nusu ya alichopata dereva, na bado chakula kilitoka nyumbani kwake kikaenda nyumbani kwa dereva.

Sielezi haya ili kumfedhehesha ndugu yetu. Nilimwomba ruhusa nieleze kisa chake bila jina, naye akakubali ili watoto wajifunze. Nami nataka tujifunze sote, wakubwa kwa wadogo.

Rizki iko kwa Allah, na mkono ni wako

Wapo ndugu zetu wanaosema kwamba kuweka akiba ni udhaifu wa imani, kwa sababu rizki iko kwa Allah na ya kesho anayajua Yeye. Wengine hutoa hoja ya ndege, kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ndege huondoka asubuhi na njaa akarudi jioni ameshiba. Hadithi hiyo ni ya kweli, ameipokea Tirmidhi. Lakini tuisome vizuri. Ndege anayesifiwa pale ni yule aliyeondoka kiotani. Na katika Tirmidhi hiyo hiyo tunasoma habari za mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, akaamrishwa amfunge kwanza kisha atawakali.

Hoja iliyo wazi zaidi iko katika Sahihi Bukhari. Umar (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza mazao ya mitende ya Bani Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Ni nani kati yetu mwenye tawakkul kubwa kuliko Mtume? Kama yeye aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka, basi anayeweka cha miezi mitatu hajapungukiwa na imani. Amefuata Sunna.

Tuingie pia katika Surat Yusuf, sura ya 12, ambayo wanafunzi wa darasa la juu wameihifadhi. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanene wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf (a.s.) alipoifasiri ndoto hiyo hakuishia kusema kwamba shida inakuja. Alitoa mpango. Walime miaka saba mfululizo, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula.

Katika mpango huo nayaona mafunzo matatu. La kwanza, maandalizi yalianza wakati wa neema. Mwaka wa njaa ukishaingia, huna tena cha kuweka. La pili, kilichowekwa ghalani ndicho kilichokuwa kingi, na kilicholiwa ndicho kilichokuwa kidogo. Sisi tunafanya kinyume chake: tunakula kwanza, kisha tunaweka kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. La tatu, na ndilo tunalolisahau, akiba ile haikuwa ya Yusuf peke yake. Watu wa nchi nyingine walikuja kuomba chakula, wakiwemo ndugu zake waliomtupa kisimani. Aliweza kuwapa kwa sababu ghala lilikuwa na kitu. Basi kuweka akiba kwa nia njema si uchoyo. Mama wa mandazi alifanya wema ambao mimi na wewe, pamoja na huruma yetu yote, tusingeweza kuufanya kama nyumbani hakuna kitu.

Si yote yanayokuja bila taarifa

Tukitazama historia ya mji wetu tutaona kwamba mabadiliko mengi tunayoyaita ya ghafla yalikuwa na dalili zake.

Chukueni mfano wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Umoja wa Mataifa uliianzisha mwaka 1994, na kwa muda wa miaka ishirini hivi ilikuwa hapa Arusha. Watu wa mji huu walipata kazi za ulinzi, udereva, upishi na usafi, na wenye nyumba walipangisha kwa bei ambazo hazikuwahi kusikika. Mahakama ile ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Lakini tangu mwaka 2003 Baraza la Usalama lilikuwa limeshaitaka ipange namna ya kumaliza kazi zake. Taarifa ilikuwepo kwa zaidi ya miaka kumi. Taasisi iliyorithi shughuli zake imejengewa ofisi Lakilaki, hapa hapa kwetu, nayo ni ndogo kuliko ilivyokuwa Mahakama. Aliyepokea kodi kubwa miaka yote ile akaitumia kana kwamba haitakoma, hakuonewa na mtu siku ilipokoma.

Mfano wa pili wanaujua vizuri ndugu zetu wafugaji wanaoleta mifugo mnadani Kisongo. Ukame uliofikia kilele mwaka 2009 uliua mifugo mingi sana Monduli, Longido na Ngorongoro, mpaka Serikali ikatoa mifugo ya kifuta machozi kwa baadhi ya familia zilizobaki mikono mitupu. Ukame una kanuni yake ya kusikitisha. Ng'ombe anakonda na bei yake inashuka, wakati ule ule bei ya mahindi inapanda. Mwenye ng'ombe ishirini akisubiri mpaka mwisho, anaweza kumuuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi ili anunue gunia moja. Aliyeuza watatu mapema, wakingali na nyama, akanunua chakula na kuweka fedha kidogo, alikuwa na nafasi ya kuwaokoa waliobaki.

Madereva na waongozaji wa watalii nao wanajua kwamba kila mwaka, masika inapoingia kati ya Machi na Mei, wageni hupungua. Kwa maneno mengine, wao wana njaa ndogo ya Yusuf kila mwaka. Mwaka 2020 njaa hiyo ilirefuka tu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Alhamdulillah, baadaye waliongezeka, na mwaka 2023 walizidi milioni 1.8. Magari yamerudi barabarani na bakshishi zimerudi mifukoni. Swali langu kwenu wazazi ni hili: je, tumejifunza, au tumerudi kula kwanza na kuweka kilichobaki?

Mambo manne ya kufanya nyumbani

Kwanza, tutenge kabla ya kutumia. Shilingi 500 kwa siku ni 15,000 kwa mwezi, na kwa mwaka zinafika 180,000. Si utajiri, lakini ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, au ni magunia ya mahindi. Mwenye kipato cha msimu, kama dereva au mkulima wa maharage, atenge fungu kubwa zaidi msimu unapokuwa mzuri. Lengo la mwanzo liwe chakula na kodi ya miezi mitatu. Fungu hili lisiguswe kwa ajili ya harusi, simu mpya wala nguo za Idi. Na likifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, litolewe zaka yake, yaani shilingi 2,500 katika kila 100,000. Hapo mtu aliyekuwa akipokea anakuwa mtoaji.

Pili, tuchague mahali safi pa kuweka. Allah ameharamisha riba, na hatuwezi kuilinda familia kwa haramu. Hata hivyo tusifanye riba kuwa kisingizio cha kutoweka kabisa. Benki ya Amana, inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, ilianza kazi nchini mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine zimefungua huduma za aina hiyo. Wakulima Waislamu wa Malaysia walikuwa wakificha fedha za Hija majumbani mwao kwa kuogopa riba, mpaka mwaka 1963 ilipoanzishwa taasisi ya kuwawekea akiba bila riba, nao wakaweka kidogo kidogo mpaka wakaenda Makka. Upatu, au mchezo kama wengi wanavyouita, unafaa iwapo kila mtu anapokea kile kile alichotoa, lakini tukumbuke kwamba zamu yako inaweza kuja baada ya shida kupita. Vikundi vinavyokopesha na kudai nyongeza, hiyo nyongeza ni riba hata kama ikipewa jina zuri. Na fedha zilizoko kwenye simu ni rahisi kuzitumia bila kufikiri. Zisikae hapo muda mrefu.

Tatu, tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, nayo imekuja kutuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunakopeshana kwa mdomo. Matokeo yake tunayaona misibani. Kabla ya swala ya jeneza ndugu wa marehemu husimama na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Wanaomdai hujitokeza, pengine na wasiomdai pia. Lakini wale waliokopa kwa marehemu, ni wangapi umewahi kuwaona wakisimama? Wananyamaza, na haki ya mayatima inapotea kwa sababu hakuna karatasi. Deni si jambo dogo. Mtume (s.a.w.) alipoletewa jeneza la mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipa, hakumsalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitolea kulibeba deni lile.

Katika kuandika huko uwemo wasia. Sheria imeshapanga utaratibu. Kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Surat an-Nisaa. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua Makka alitaka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake. Mtume (s.a.w.) akamzuia isizidi theluthi, akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kumbe kuwaandalia watoto maisha baada yako ni ibada.

Nne, tusifichane. Baba anapofariki na mke hajui kiwanja kiko wapi, hati iko kwa nani, wala nani anadaiwa, akiba ile ni kama haikuwepo. Nawaomba akina baba wakae na wake zao mara moja kwa mwezi na daftari katikati yao. Na ninyi wanafunzi msidhani kwamba hayo ni ya wakubwa tu. Mwenye kupewa 200 ya bagia akaweka 50, ameshaanza kujifunza alichokifanya Nabii Yusuf.

Kwa asiyekuwa na cha kuweka

Najua nitaulizwa juu ya yule ambaye kipato chake hakitoshi hata mlo wa siku. Swali hili ni la haki, na jibu lake haliwezi kuwa mahubiri ya akiba. Mtu huyo ana haki katika zaka na sadaka zetu, na kumwambia aweke akiba kabla hatujampa haki yake ni kumwonea. Uislamu haukumwachia kila mtu mzigo wake peke yake. Kwa hiyo hata sisi madrasa tunapaswa kuwa na ghala letu.

Maoni yangu, ambayo nimeyapeleka pia kwa kamati ya madrasa, ni haya. Tuanzishe mfuko mdogo wa dharura, na kila mzazi mwenye uwezo aongeze shilingi 500 juu ya ada ya kila mwezi. Mfuko uwe na daftari lililo wazi, washika hazina wawili, na hesabu zake zisomwe kila mwaka siku ya Maulidi. Kazi yake iwe ni kuhakikisha kwamba mtoto haachi kusoma Qur'an kwa sababu baba yake amesimamishwa kazi, ameumwa au amefariki. Na suala la ada lizungumzwe na mzazi, kwa siri, wala lisizungumzwe na mtoto mbele ya wenzake. Mimi niliacha kusoma majina tangu mwaka ule, na naomba iwe kanuni ya madrasa nzima, isitegemee huruma ya mwalimu mmoja.

Mwanafunzi yule alirudi. Sasa ni kijana, na jioni huwafundisha wadogo alifu na bee. Baba yake yuko tena barabarani na watalii. Sijamuuliza kama anaweka akiba, kwa sababu hayo ni ya nyumbani kwake. Lakini Ramadhani iliyopita alileta gunia la mahindi madrasa, akaniambia: "Ustadh, liwekeni. Kuna nyumba italihitaji kabla ya mavuno."

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe rizki ya halali, atupe na busara ya kuitunza wakati wa wasaa, atuepushe na madeni yanayotushinda, na awalinde mayatima wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.